Huduma ya kuchukuliwa damu nyumbani Kigamboni: nimeitumia mara nne, someni hasa kama mnapima potasiamu

Habari zenu wapendwa. Hii naiandika kwa wazazi wenzangu wenye watoto wa sikoseli hapa Dar, na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa figo au wa presha nyumbani ambaye kila baada ya muda anaambiwa akapime potasiamu. Kuna maabara binafsi iko upande wa mjini, unawapigia simu wanakufuata mpaka nyumbani, wanachukua damu, majibu yanakuja kwenye WhatsApp. Jina lao siliweki hapa kwa sababu nimeshakaa nao nikaongea nao, wakanisikiliza, na ninachotaka ni watu waelewe tatizo lenyewe, maana linaweza kukukuta kwa maabara yoyote inayosafirisha damu.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa ni huduma ya kuchoma sindano peke yake ningewapa tano bila kufikiria, lakini damu ikishatoka mwilini safari bado haijaisha na huko ndiko walikonipotezea mbili.

Nianze na mazuri. Binti yangu Nuru ana miaka 13, ana sikoseli kamili (SS), amegundulika akiwa mdogo kabisa, na mwenye mtoto wa hivi anajua mishipa inavyokuwa baada ya miaka yote ya dripu, inajificha, inapasuka, unakuta mtoto kachomwa mara nne na bado. Sasa yule dada wa maabara aliyekuja mara ya kwanza, mimi mpaka leo namwombea dua. Kaingia saa moja kamili asubuhi kama tulivyopanga, shikamoo mama Nuru, kakaa chini mkekani na mtoto, hakukimbilia sindano. Akaniomba maji ya vuguvugu na kitambaa, akaufunga mkono wa Nuru dakika kama tano hivi huku anamuuliza mambo ya shule, kisha akapapasa kwa kidole taratibu, akaacha ule mshipa wa kwenye kiwiko ambao kila mtu anaukimbilia, akashuka chini kidogo akachoma mara moja tu. Mara moja! Nuru mwenyewe akageuka kunitazama kama haamini. Siku hiyo ilikuwa FBP tu, yaani picha kamili ya damu, kichupa cha kifuniko cha zambarau, majibu yalikuja mchana uleule, nililipa elfu thelathini na tano na usafiri humohumo. Kwa mtu wa Kigamboni ambaye kwenda hospitali ni kuamka saa kumi usiku, kupanga foleni ya pantoni na mtoto anayeumwa na viungo, hiyo hela ni halali yao kabisa.

Mara ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Nuru alikuwa ameanza kutoa protini kwenye mkojo, figo za watoto wa sikoseli zinaumia mapema, na daktari wake wa kliniki akamwanzishia kidonge kimoja katika zile dawa za presha zinazotumika pia kulinda figo. Kidonge kizuri ila kina tabia ya kupandisha potasiamu, kwa hiyo akasema baada ya wiki mbili mpime figo na madini. Nikawapigia walewale. Akaja dada mwingine, naye mpole, ila haraka haraka, akafunga ule mpira wa mkononi akamwambia Nuru kunja ngumi, kunjua, kunja tena, kwa nguvu, damu ikatoka vizuri kwenye kichupa cha njano, akampa kijana wa bodaboda, kijana akaitumbukiza kwenye deli lililojaa barafu kama yale ya wauza maji, akaondoka saa moja na nusu. Mimi nikaona wako makini kweli, damu inatunzwa kwenye ubaridi.

Saa tatu usiku meseji ikaingia. Potasiamu 6.4. Pembeni alama nyekundu na maneno "wasiliana na daktari wako haraka". Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeuliza mtoto anajisikiaje. Kiwango cha kawaida mwisho ni 5 na kidogo, na mimi nafundisha baiolojia sekondari, najua potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Mtoto alikuwa amelala. Nilimuamsha, nikamweka mkono kifuani nikahesabu mapigo kama mwehu, tukaita bajaji tukapita darajani usiku ule mpaka hospitali.

Pale emajensi walitupokea vizuri mno. Wakampima ECG palepale, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakaweka kanula, na nesi akatoa kichupa cha kalsiamu akakiweka kwenye trei pembeni ya kitanda, bado hakijavunjwa shingo. Nilikitazama kile kichupa muda wote. Nilikuwa najua kwamba potasiamu ikiwa juu kweli wanachoma kalsiamu kwenye mshipa, haishushi potasiamu hata kidogo ila inaukinga moyo wakati dawa nyingine zinafanya kazi. Daktari kijana akaisoma ECG mara mbili, akasema mama, moyo huu unapiga vizuri kabisa, haufanani na hii namba. Akaomba simu yangu aone majibu yote, na jicho lake likaenda kwenye kalsiamu kabla ya kitu kingine.

Nikamuuliza kwa nini kalsiamu. Akanieleza kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue. Kile kichupa cha zambarau ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande inaitwa EDTA, na inazuia kwa kuikamata kalsiamu, na hiyo EDTA yenyewe imetengenezwa ikiwa na potasiamu ndani. Kwa hiyo mtu wa maabara akianza kujaza cha zambarau halafu ndio aje cha njano na ncha ileile, au akahamisha damu kutoka kimoja kwenda kingine, utaona potasiamu imeruka juu na kalsiamu imeporomoka vibaya, hizo mbili zikienda hivyo pamoja jua ni kichupa hicho. Ya Nuru kalsiamu ilikuwa nzuri tu. Basi kosa halikuwa kichupa. Akafikiri kidogo akaniuliza: damu ilisafirije?

Nikamwambia barafu. Na baadaye nilipompigia yule kijana wa boda akaniambia alikaa Feri muda mrefu, pantoni moja ilikuwa mbovu, alifika maabara karibu saa saba mchana. Masaa matano na nusu njiani, damu nzima, haijazungushwa kwenye mashine, juu ya barafu.

Wakachukua damu upya, mkono umelegea bila kukunja ngumi, dada wa maabara akaondoka nayo mwenyewe kwenda chumba cha pili. Dakika hamsini hivi majibu yakarudi. 4.6. Kile kichupa cha kalsiamu nesi akakirudisha kabatini, nami nikakaa chini maana miguu haikuwa na nguvu tena.

Sasa naomba mnivumilie niwaeleze ilikuwaje, maana mimi hii kitu nimekuwa naichora ubaoni miaka kumi na moja na sikuwahi kufikiria kwamba ingekuja kunikuta kwenye bajaji saa nne usiku. Seli nyekundu ya damu haina kiini, haina mitokondria, watu wanaichukulia kama kimfuko tu cha kubebea oksijeni. Lakini ule utando wake una kazi usiku na mchana. Ndani ya seli potasiamu ni nyingi kuliko nje zaidi ya mara 20, na nje sodiamu ndiyo nyingi, na kila moja inataka kupenya kwenda upande wa pili. Kinachozuia ni pampu zilizochomekwa kwenye utando, kila mzunguko mmoja inatoa sodiamu tatu inaingiza potasiamu mbili, na inalipia kwa nishati inayotokana na sukari. Aliyeigundua hiyo pampu ni Mdenmaki, Jens Christian Skou, 1957, kwa kutumia mishipa ya fahamu ya kaa, kaa hawahawa, akaja kupata Nobel 1997.

Sasa pampu ni protini, ni kimeng'enya, ukiiweka kwenye barafu inapoa inakaribia kusimama kabisa. Potasiamu yenyewe haisimami. Inaendelea kuvuja polepole kutoka ndani kwenda nje na hakuna wa kuirudisha. Seli haijapasuka, damu ukiitazama ni safi, maji yake ya njano hayana wekundu wowote, kwa hiyo hata mtu wa maabara hapati dalili ya kushtuka. Mashine inapima potasiamu iliyo nje, inasoma 6.4, na mashine haijakosea, potasiamu hiyo ipo kweli kwenye kichupa. Kwenye mwili wa mwanangu ndiko haipo. Halafu ongeza na ile kunjakunja ngumi, misuli inayokazwa huku mkono umefungwa mpira nayo inaachia potasiamu.

Na kalsiamu je? Hapa ndipo kwa sisi wa sikoseli panapouma zaidi, na daktari wa kliniki ndiye aliyenifafanulia wiki iliyofuata nilipompelekea karatasi zote mbili. Kalsiamu iliyo huru nje ya seli ni zaidi ya mara 10,000 ya iliyo ndani. Hebu fikiria huo msukumo. Seli nyekundu ina pampu nyingine kabisa kwa ajili hiyo, inatupa kalsiamu nje muda wote, mwanasayansi anaitwa Hans Schatzmann ndiye aliyeionyesha 1966 kwenye seli nyekundu hizihizi. Na kabla yake, 1958, Mhungaria György Gárdos alikuwa ameona kwamba kalsiamu ikiingia ndani ya seli nyekundu potasiamu inatoka kwa kasi. Mpaka leo njia hiyo inaitwa mlango wa Gárdos. Kalsiamu ndiyo ufunguo wake.

Kwenye seli ya sikoseli, oksijeni ikipungua himoglobini inashikana inakuwa vijiti virefu, vinausukuma utando, utando unavutika, kalsiamu inapenyeza zaidi ya kawaida. Mlango wa Gárdos unafunguka. Potasiamu inatoka na maji yanaifuata, seli inasinyaa, na ikisinyaa himoglobini iliyobaki ndani inakuwa imesongamana zaidi, ikisongamana inashikana upesi zaidi mara nyingine. Ndiyo maana seli ya mtu wa kawaida inaishi siku 120 hivi na ya mwenye sikoseli inaweza isizidi 20. Na ndiyo maana kila daktari, kila nesi, kila kliniki wanatuimbia mtoto anywe maji, anywe maji. Nuru chupa yake ya lita moja na nusu naijaza mara mbili kila siku na nilikuwa nafanya kwa utii tu, leo nikiijaza naona kabisa ni nini ninachopigana nacho.

Niliuliza, kwa nini basi wasitengeneze dawa ya kuufunga huo mlango? Wameshajaribu. Ile dawa ya fangasi klotrimazoli inayouzwa kila duka la dawa kwa krimu, ilionekana inaufunga mlango wa Gárdos, na kutoka hapo wakatengeneza nyingine inaitwa senikapoki kwa ajili ya sikoseli hasa. Seli zikawa na maji zaidi, upungufu wa damu ukapata nafuu kweli. Lakini maumivu, zile kraisisi zenyewe, hazikupungua, na utafiti mkubwa ukasimamishwa. Iliniumiza kusikia, sitaficha. (Na tafadhali mzazi asije akampa mtoto krimu au kidonge cha fangasi kwa kusoma hapa.) Haidroksiyurea ndiyo tunayotumia, inafanya kazi kwa njia nyingine, inaongeza ile himoglobini ya utotoni, na Nuru tangu aianze tumelazwa mara moja tu mwaka mzima.

Nirudi kwenye huduma. Niliwapigia maabara kesho yake asubuhi, nikiwa na hasira, lakini nilijizuia, nikaomba kuongea na mkuu wa maabara na siyo mapokezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema sampuli ya potasiamu inatakiwa ikae kwenye joto la kawaida la chumba na izungushwe kwenye mashine ndani ya saa mbili hivi ili maji ya damu yatengane na seli, na kwamba deli la barafu lilikuwa kwa ajili ya vipimo vingine. Akaomba radhi, akarudisha hela yote kwa simu siku hiyohiyo bila mimi kudai. Hilo nawapongeza. Ila nilimuuliza swali moja ambalo hakunijibu vizuri: huyo kijana wa boda nani alimwambia? Akasema wataongea naye.

Mara ya tatu nikawapa nafasi. Nikaomba yule dada wa kwanza, akaja, safari hii na begi la kitambaa lisilo na barafu, hakumkunjisha Nuru ngumi, aliulegeza mpira mara damu ilipoanza kuingia, na boda akapita darajani badala ya pantoni. Lisaa limoja na dakika ishirini damu imefika. Potasiamu 4.5, kreatinini, kile kipimo cha figo, nzuri, na protini kwenye mkojo imeshuka. Nilifurahi jamani, niliwatumia na zawadi ya maembe.

Basi nikaamini wamejirekebisha. Mwezi uliopita, mara ya nne, nafungua geti nakuta kijana mgeni kabisa, yule dada yuko likizo, na mkononi ana deli. Nikamuuliza mdogo wangu hilo la nini, akasema damu lazima ikae kwenye baridi mama, ndivyo nilivyofundishwa. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anasema anachokijua. Hakuna karatasi aliyopewa, hakuna maelekezo kwenye fomu ya oda, hakuna aliyemwambia habari ya mtoto huyu. Hapo ndipo nyota ya pili ilipoondoka. Kumbe ule utaratibu mzuri ulikuwa kichwani mwa dada mmoja, akienda likizo unaenda naye.

Kwa hiyo ushauri wangu. FBP waiteni bila wasiwasi, kile kichupa cha zambarau kinastahimili safari na mikono yao ni mizuri. Potasiamu, waulizeni kabla hamjalipa: inasafiri bila barafu? itazungushwa saa ngapi, na ninyi mko wapi na sisi tuko wapi? Wakishindwa kujibu, nenda mwenyewe. Na ukiletewa namba kubwa usiidharau kwa sababu umesoma hapa, potasiamu ya juu ya kweli inaua, nenda hospitali, pimwa moyo, rudieni damu, ila mwambie daktari damu ilisafirije, kwa sababu yule wa kwetu asingeuliza huenda ile dawa ya figo ingesimamishwa bure na mtoto akachomwa kalsiamu ambayo hakuihitaji. Na kwa wenyewe maabara, kama mnasoma, kimashine kidogo cha kuzungushia damu wekeni huku upande wa Kigamboni, hata kwenye chumba kimoja tu cha kupanga. Vichupa vya njano vina jeli ndani, vikishazunguka jeli inakaa katikati inatenga seli na maji, baada ya hapo hata pantoni ikiharibika asubuhi nzima potasiamu haina pa kuvujia. Wateja tupo wengi huku.

Yule kijana nilimpa chai, akachukua cha zambarau tu, na alichoma vizuri, mara moja. Cha njano nikamwambia akiache. Tulivaa na Nuru tukatoka naye pamoja mpaka Feri, yeye na deli lake, sisi na chupa yetu ya maji, tukavuka, na kipimo cha potasiamu tukakichukulia dirishani kwao, hatua kumi kutoka kwenye mashine. 4.4.